Ng'ombe Waliosubiri Umande Ukauke

Mwanangu, ipo asubuhi moja ya pale Nakwa ambayo bado naiona vizuri, ingawa mengi ya miaka ile yameshanitoka. Ng'ombe walikuwa wamesimama zizini wakisubiri umande ukauke. Mama alikuwa mlangoni, anamtazama baba kwa hasira. Mimi nilikuwa nimekalia kinu kilicholazwa ubavu, nimevaa gauni la kanisani na wala haikuwa Jumapili. Tulikuwa tunasubiri wageni ambao wangeamua kama ninakwenda chuo au ninabaki kulima.

Nimeikumbuka kwa sababu yako. Juzi ulirudi kutoka kuomba msaada wa ada, ukakaa hapo ulipo, ukaniambia umekataliwa kwa kuwa uani kwenu kuna trekta. Nikakuuliza, uliwaambia ni ya mjomba wako? Kumbe uliitikia "sawa" ukaondoka. Basi leo tulia, unywe chai, nikusimulie. Mimi nimefanya kazi ya mifugo maisha yangu yote, nimezoea kutazama kwato kabla ya kutazama uso, kwa hiyo usitegemee machozi. Nitasema ilivyokuwa.

Wakati huo Mkoa wa Manyara ulikuwa bado haujazaliwa, sisi tulihesabiwa Arusha. Maduka ya Babati yalikuwa na rafu na muuzaji, bidhaa hakuna. Sukari ilikuwa habari ya kunong'onezana, na ukisikia sabuni imefika duka la ushirika unaacha jembe shambani unakimbilia foleni. Mtu akionekana ana mali, swali la kwanza ni ameipata wapi. Watu wakajifunza kutoonekana nayo. Hilo liweke akilini, tutalirudia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikachaguliwa kwenda chuo cha mifugo. Chuo kilitaka ada. Baba alikuwa na shamba la mahindi na mbaazi, na watoto wengi, basi. Lakini serikali ilikuwa na fungu la kuwalipia ada vijana ambao wazazi wao hawajiwezi. Fungu lenyewe lilikuwapo kweli, sikudanganyi. Kazi ilikuwa kulifikia. Tangazo lilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ambayo mkulima haendi mpaka aitwe, na akiitwa huwa ni kwa ajili ya kodi, kwa hiyo hasimami kusoma kuta. Sisi tulilisikia kanisani. Padre alilitaja mwisho kabisa, baada ya habari za mabati ya kigango, wakati nusu ya watu wameshatoka nje kusalimiana. Baba alilisikia kwa sababu ya goti lake bovu, maana alikuwa hanyanyuki mpaka watu wapungue.

Akaenda kuniandikisha. Akaambiwa arudi nyumbani, watakuja kujionea wenyewe kama kweli hajiwezi.

Sasa nikueleze habari ya ng'ombe. Zizi letu lilikuwa limejaa. Ng'ombe wazuri, ngozi inang'aa, na hata mmoja hakuwa wetu. Walikuwa wa Mzee Gwandu wa Bonga, rafiki wa baba tangu walipoteremka pamoja kutoka Mbulu wakiwa vijana. Ndivyo watu wetu walivyoishi: mwenye ng'ombe wengi hawaweki mahali pamoja, ili ugonjwa au wezi wakiingia zizi moja asibaki mikono mitupu. Anawagawa kwa marafiki anaowaamini. Anayewalea anapata maziwa na samadi, lakini hawezi kuuza wala kuchinja bila mwenyewe kusema. Na jambo hilo halitangazwi. Ukimkuta mtu na ng'ombe ukamuuliza ni wa nani, atakujibu ni wangu. Akijibu vingine ameanika mali ya rafiki yake mbele ya watu, na hakuna atakayempa hata mbuzi amlelee tena. Kila jirani alijua ng'ombe wetu ni wa nani. Hakuna jirani aliyesema.

Jioni ya kuamkia siku hiyo alikuja Mzee Tarmo, balozi wetu wa nyumba kumi. Alisalimia, akakaa, akazungumza habari za mvua. Alipokuwa anaaga akamwambia baba, "Kesho asubuhi wageni wa ruzuku wanapita kwako. Halafu nasikia majani ya ng'ambo ya ziwa ni mazuri siku hizi. Mtu akiwatoa ng'ombe mapema watashiba."

Baba akajibu, "Ng'ombe watatoka saa yao."

Saa yao ilikuwa baada ya umande kukauka. Ng'ombe akila majani yenye umande anaokota minyoo, hilo kila mfugaji wa kwetu alilijua. Wangekuwa ng'ombe wake mwenyewe huenda angewatoa mapema siku moja, liwalo na liwe. Hawa walikuwa wa mtu, na cha mtu baba alikitunza mpaka inakera. Mama alimbembeleza tangu alfajiri.

"Baba Paskalina, siku moja tu. Minyoo ina dawa. Huyu mtoto akikosa chuo, dawa yake iko wapi?"

"Nimpeleke ng'ombe wa mtu kwenye umande ili nimfiche," baba akasema, "halafu nimtazame mwenyewe usoni?"

Kwa hiyo wageni walipofika ng'ombe walikuwa bado zizini.

Walikuja wawili, afisa kijana kutoka ofisi ya elimu na balozi wetu akimwongoza njia. Yule afisa hakuwa mtu mbaya. Alimwamkia baba shikamoo kwa heshima, viatu vyake vimelowa, akatazama nyumba yetu ya udongo, akawatazama wadogo zangu na nguo zao, akaniuliza alama zangu za baiolojia. Mpaka hapo nilikuwa naiona njia ya chuo. Kisha fahali akanguruma zizini, na afisa akageuka.

"Mzee, ng'ombe hawa ni wa nani?"

Mzee Tarmo aliutazama mlima Kwaraa utadhani umeota usiku ule. Mama aliingia ndani.

"Ni wangu," baba akasema.

"Wote?"

"Wote."

Afisa akatikisa kichwa, kwa upole kabisa. "Mzee wangu, kuna watu hawana hata kuku. Uza wawili hapo, binti aende chuo. Hii ruzuku tuwaachie wanyonge."

"Nimesikia," baba akasema, akawasindikiza mpaka njiani.

Nilimchukia baba yangu, mwanangu. Nasema chuki, sitafuti neno jingine. Aliporudi nilimuuliza kwa nini hakusema, na sauti yangu haikuwa ya mtoto anayezungumza na mzazi. Hakunikaripia. Aliniambia, "Yule kijana hakuniuliza kama nina uwezo. Aliniuliza ng'ombe ni wa nani. Swali hilo lina jibu moja." Kisha akainama kugusa majani, akaona yamekauka, akavuta miti ya mlango wa zizi, ng'ombe wakatoka. Walipita mbele yangu mmoja mmoja. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusomea ng'ombe, na walionizuia ndio wale.

Jumapili, baada ya misa, sikurudi nyumbani. Nilishika barabara ya Dodoma kwa miguu mpaka Bonga, kwa Mzee Gwandu. Nyumba yake ilikuwa kama yetu, tena zizi lake lina mbuzi wachache tu. Mkewe alinikaribisha chai. Chai ya rangi, na sukari hakuna. Nakumbuka niliitazama ile chai nikataka kucheka. Mwenye ng'ombe anakunywa chai ya rangi, na kwetu tusio na hata ndama, maziwa yanagandishwa kwenye vibuyu.

Hapo akaingia Emanueli, mtoto wake, ambaye tulimaliza naye shule. Uso wake ulikuwa unang'aa. Amepata chuo cha ualimu, na ruzuku amepata. Afisa yule yule alikuja, akaona mbuzi na nyumba ya udongo, akampa mkono. Mzee Gwandu hakudanganya kitu, aliulizwa ana ng'ombe wangapi hapa nyumbani, akasema hapa nyumbani hana.

"Na wewe Paskalina unaondoka lini?" Mzee Gwandu akaniuliza.

"Siondoki, baba mkubwa. Afisa alikuta zizi letu limejaa."

Emanueli alishusha kikombe. Mzee Gwandu akamtuma Emanueli akafunge mbuzi, tukabaki wawili.

"Umetumwa na baba yako?"

"Hapana."

"Anajua uko hapa?"

"Hajui."

"Basi nisikilize vizuri. Umelisema lote bila kulitaja. Usijidanganye kwamba umeilinda heshima ya baba yako kwa kuwa hukutaja ng'ombe ni wa nani. Huo ni ujanja tu. Ungeniambia wazi, 'Baba mkubwa, ng'ombe wako wamenifungia njia,' ningekuheshimu zaidi, na wewe ungetembea huku kichwa kiko juu." Akanisogezea kikombe. "Maliza chai uende. Kwenu usiseme ulikuja."

Nilirudi Nakwa nikijua nimekosa chuo na nimeharibu jina langu kwa mzee mwenye busara, yote katika safari moja. Mpaka leo sijaamua kama nilikosea kwenda. Kusema kwa mafumbo ndiko nilikokosea, hilo nalikubali.

Siku ya mnada, jua likiwa limeshapanda, Mzee Gwandu akatokea kwetu akiwa na Emanueli na fimbo. Alisimama na baba kando ya zizi wakazungumza chinichini, sikusikia hata neno. Nilichoona ni baba akivuta ile miti ya mlango kwa mikono yake mwenyewe, na ng'ombe wote wakatoka, safari hii si kwenda malishoni. Wakaelekezwa barabarani. Nikawafuata kwa nyuma.

Kulikuwa na njia ya pembeni ya kuwafikisha Bonga bila kuonwa na watu. Mzee Gwandu hakuishika. Aliwapitisha katikati ya mji, mbele ya stendi, mbele ya duka la ushirika penye foleni, mpaka uwanja wa ofisi. Akawasimamisha pale. Mavi yalianguka palipofagiliwa vizuri. Afisa alipotoka kuona kuna nini, mzee alimwambia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Ulimuuliza Baba Paskalina ng'ombe hawa ni wa nani. Ni wangu mimi. Yeye alisema ni wake kwa sababu ndivyo mtu anayeaminika anavyosema. Sasa umeona. Mtoto wangu mfute, binti yake muandike."

Emanueli alikuwa anatazama chini. Afisa aliuliza mara mbili kwa nini watu hawasemi. Lakini aliandika. Hivyo ndivyo nilivyopata ruzuku.

Ungedhani hadithi imeisha hapo, na mimi nilidhani hivyo. Kwa watu wetu, ng'ombe wakichukuliwa mchana mbele ya macho ya watu, maana yake aliyekuwa anawalea ni mwizi. Amekula ndama akasema amekufa. Waliosikia maneno ya pale ofisini walikuwa wachache, na walioona ng'ombe wakipita ni mji mzima. Jioni yake habari ilikuwa imeshafika Nangara. Mzee Gwandu alijitahidi kueleza kila alipokwenda, lakini hakuna anayeacha habari tamu kwa ajili ya habari ya kweli. Baba hakuletewa tena ng'ombe wa kulea. Mahindi yalikosa samadi, vibuyu vikaning'inia vikavu. Mzee Gwandu naye aliuza maksai wake mnadani ili Emanueli aende chuo. Emanueli aliacha kunisalimia kwa miaka mingi. Siku hizi ananisalimia, tena kwa sauti kubwa, maana masikio yake yamechoka.

Chuoni nilikwenda. Ruzuku ililipa ada na si kingine. Magodoro hayakuwapo mjini hata kwa mwenye fedha, kwa hiyo mama alinijazia gunia kwa maganda ya mahindi, na nikijigeuza kitandani bweni zima linajua. Wenzangu walinicheka kwanza, baadaye wakaniuliza mama anaweza kuwajazia na wao.

Likizo ya kwanza nilifika nyumbani nimekonda, mama akanipa chai. Ilikuwa ya rangi. Mdogo wangu wa mwisho alikaa karibu nami, akaniuliza, "Dada, chuoni kuna maziwa?" Nikamwambia hakuna. Nilimdanganya, chuo cha mifugo kitakosaje maziwa. Niliona aibu kubwa, na baba alikuwa amekaa pale pale anasikia, akaendelea kupuliza chai yake.

Nilipomaliza nikapangiwa kazi vijiji vya huku huku. Mshahara ulikuwa unachelewa mpaka unausahau, lakini nikajikusanya nikanunua mtamba, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa. Nilimpeleka Nakwa mwenyewe. Baba alianza kunishukuru, nikamkatiza. Nikamwambia, "Sikukupa, baba. Huyu ni wangu. Nataka unilelee." Nilikuwa nimeifikiria sentensi hiyo njia nzima. Zawadi angeipokea kama mzee yeyote anavyopokea zawadi ya mtoto. Kulelea ng'ombe wa mtu ni kitu kingine, na ndicho alichokuwa amenyang'anywa mbele ya mji. Alimzunguka mtamba yule polepole, akatazama kwato, akatazama meno. Akasema, "Nitajaribu."

Baadaye nikapita Nakwa na mwenzangu wa kazi, mgeni kutoka mkoa mwingine, tukichanja ng'ombe nyumba kwa nyumba. Tulipofika kwetu mwenzangu akamuuliza baba, "Mzee, mtamba huyu ni wa nani?"

Baba alinitazama mimi moja kwa moja, wala hakupepesa macho.

"Ni wangu," akasema.

Ndani ya nyumba nilimsikia mama akicheka mpaka akakohoa. Na Mzee Tarmo, ambaye alikuwa amesimama pale kama kawaida yake ya kusimama kila mahali, alisikia. Kabla ya mvua za masika alimletea baba ng'ombe wake mmoja amlelee. Baada yake wakaja wengine.

Mwanangu, baadaye na mimi nilikalishwa kwenye kamati za kuchagua watoto wa kusaidiwa. Sikuwahi kumuuliza mzee ng'ombe ni wa nani. Niliuliza hivi: "Ukitaka kuuza mmoja kesho, kuna mtu unamwomba ruhusa kwanza?" Wengine walisema hakuna. Wengine walitabasamu wakasema yupo, na sikuwauliza jina. Jibu hilo lilitosha.

Kwa hiyo nakuambia, kesho rudi ofisini. Yule aliyekukataa ameona trekta, hajakuona wewe. Fungu lipo kwa ajili ya mtu kama wewe, na ukisema "sawa" ukaondoka, atapewa mwenye trekta kwa kuwa uani kwake ni peupe. Lakini kabla hujarudi, nenda kwa mjomba wako kwanza. Mwambie kwa mdomo wako, wazi, bila mafumbo, kwamba trekta yake imekufungia njia na unataka kuwaeleza ni ya nani. Asije akasikia jina lake limetajwa ofisini akiwa hana habari. Akikubali, sema ukweli wako wote. Akikataa, rudi kwangu tufikiri tena. Na ukipata hiyo ada usiishi chuoni kama mtu aliyeiokota. Jua nani nyumbani amebadilisha chai yake ili wewe usome. Siku utakapokaa upande wa pili wa meza, na utakaa, usiishie kwenye swali la kwanza.

Mungu akutangulie njiani, umande ukauke kabla hujaukanyaga. Mlango utakaoubisha ufunguliwe na mtu mwenye masikio. Na siku ya kuulizwa, uulizwe lile swali lenye jibu lako.

Haya, chai inapoa. Ongeza maziwa, yapo.